Asali ya Koo

Kaka yangu alikuwa na sauti. Sisemi ya kuimba, hapana, kuimba alikuwa akiimba mtoto analia. Nasema sauti ya kuita. Alikuwa akisimama kwenye kile kibanda cha juu pale gatini, anafungua mdomo, na mtu aliyeko nyumbani kwake mtaa wa pili, bado anatafuta soksi, anajua kivuko kimefika. Hakuwa na kipaza sauti wala nini. Kifua chake na upepo wa Mungu, basi.

Mtaa wetu unateremka kutoka barabara kubwa hadi kwenye maji, na sisi wa pale tumepangwa humo kama nguo kwenye kamba. Kuna fundi viatu na mwavuli wake uliochanika. Kuna muuza kufuli, ambaye mlango wa kwake mwenyewe haufungi. Kuna duka la nguo za harusi ambalo tangu nihamie pale sijaona bibi harusi akiingia. Halafu saluni yangu, halafu ghorofa tunaloishi, limegusana ukuta na saluni, halafu mteremko, halafu gati. Mlango wa saluni ukiwa wazi unaona kipande cha maji chenye upana wa pazia, na kivuko kinapita humo kikienda ng'ambo na kurudi, watu wamesimama wamebanana na baiskeli, magunia na makoti ya ofisini. Chupa za plastiki zinagonga ukuta wa gati kutwa nzima, tok, tok, mpaka unazizoea.

Kwetu ni juu, na dirisha letu linatazama yote hayo. Mwenye macho anaona, nasema. Macho ya mama yangu yalishaanza kuzimika. Alikuwa anaona mwanga na vivuli tu, na miguu nayo iligoma ngazi. Alikuwa hajashuka chini muda mrefu sana. Kiti chake kiko dirishani, na kazi yake ya kutwa ilikuwa kusikiliza.

"Haya wakubwa, haya wadogo! Taratibu, maji hayakimbii. Mwenye mtoto amshike, mwenye mzigo aubebe. Mwenye haraka angeamka mapema!"

Ndivyo kaka alivyokuwa akiita, na kwa sababu hiyo watu wakambandika jina, wakamwita Taratibu. Wavukaji walikuwa wakicheka pale kwenye neno la mwisho hata kama wamelisikia jana, maana alilisema akimtazama mtu fulani anayekimbia na kitambulisho mdomoni. Na Mama huko juu alikuwa akiitikia. Si kwa kelele, ni kama unavyomwitikia mtu aliye chumba cha pili: "Haya, baba. Kazi njema." Kila kivuko. Hata awe anaongea na mgeni, anakatisha, anaitikia, ndipo anaendelea. Kisha mgeni anaambiwa kwamba huyo ni mwanangu, mji huu hauvuki mpaka aseme yeye. Ukicheka unanuniwa mpaka jioni.

Kisha wakaja na mashine.

Msimamizi wa gati alimwita kaka ofisini akamwambia kwamba sauti yake ni mali, na wangependa kuihifadhi. Weee! Siku hiyo mtaa ulijua. Alimwambia fundi viatu, akamwambia muuza kufuli, akaenda kwenye lile duka la harusi wakamwazima koti la bwana harusi lenye ua la kitambaa kifuani. Nikamuuliza, wewe mtu, nani anamwona mtu ndani ya spika? Akaniambia mimi mambo ya kitaalamu siyajui. Akaenda kurekodiwa amevaa ua. Walipomaliza mara ya kwanza akasema hapana, hiyo haikutoka vizuri, turudie. Msimamizi alitaka kulikata lile neno la mwenye haraka, kaka akabishana naye, akasema bila neno hilo huyo siye yeye. Akashinda. Alijichimbia kaburi, tena akaomba jembe la pili ili shimo litoke zuri.

Wakampa saa ya ukutani. Imeandikwa shukrani kwa huduma, kwa herufi za dhahabu. Akapanda nayo ngazi kaishika kwa mikono miwili kama mtoto mchanga, majirani wakapiga makofi, na Mama akaamuru itundikwe mbele ya mlango, ili kila anayeingia aione, ingawa yeye mwenyewe asingejua kama inasema saa ngapi.

Wiki iliyofuata kaka alishuka asubuhi kwenda kazini, na kabla hajafika mwisho wa mteremko akajisikia anaita. Haya wakubwa, haya wadogo. Akasimama pale na chupa yake ya chai mkononi akijisikiliza. Msimamizi alimweleza kwa upole kabisa, na alishangaa kidogo. Alidhani ile saa ilieleweka kuwa ni ya kuagana.

Kaka alikuja saluni akapita hadi nyuma ya pazia, pale ninapooshea watu nywele, akakaa kwenye kiti cha kuoshea kichwa kikining'inia nyuma. Neno la kwanza aliloniambia ni kwamba Mama asijue. Sikumuuliza kwa nini, maana najua. Baba yetu aliachishwa kazi kwenye ghala tukiwa wadogo, akawa anashinda nyumbani, na Mama, ambaye ndiye alikuwa akihangaika kutulisha, siku moja kwa hasira alimwita kiti cha nyongeza. Sisi watoto tukacheka. Likawa jina. Baba aliliitikia mpaka anakufa, na kaka alikuwa mkubwa wa kutosha kuona alivyokuwa akiliitikia.

Basi tukaanza mchezo huo, na nasema mchezo kwa kukosa neno, maana haukuwa na raha yoyote. Asubuhi kaka anaoga, anavaa, Mama anamshika kichwa anamwombea, anashuka ngazi, anazunguka nyuma ya jengo na kuingia saluni kwa mlango wa nyuma. Kurudi nyumbani mchana hawezi, kwa sababu sauti yake iko kazini. Na kuongea hawezi pia, maana dirisha la Mama liko juu yetu palepale, na sauti ile ukiitoa haina mahali pa kujificha. Mtu atakuwaje gatini na papo hapo awe chini ya dirisha? Kwa hiyo akawa ananong'ona. Jibaba zima, shingo kama gogo, linanong'ona kutwa nyuma ya pazia la maua, likinichambulia nywele za kusukia na kuzipanga nyuzi kwa nyuzi. Wateja wangu, wanawake wa mjini wasio na dogo, wakamfanya shoga yao. Wakamwita wifi. Wifi leo kanuna, wifi nipe kitana, wifi nawe lini unasuka. Alicheka nao siku za mwanzo. Baadaye akawa anatabasamu tu. Baadaye hata hilo likakatika.

Kilichomuumiza zaidi ni kwamba mtaa ulijua na mtaa ukamtunzia siri. Hakuna aliyeambiwa anyamaze, walinyamaza wenyewe. Fundi viatu, ambaye zamani alikuwa akimtania kutoka mbali, sasa anamsalimia akitazama kiatu alichoshika. Muuza kufuli akipanda kumjulia Mama hali anaambiwa habari za kazi ya kijana, anaitikia ndiyo, ndiyo, anateremka haraka. Kaka aliniambia kwamba bora wangemcheka. Nikamwambia kama anataka kuchekwa mimi nipo. Hakucheka.

Na jioni ndiyo kulikuwa na kazi yenyewe. Enzi zake za kweli alikuwa akirudi amekauka koo, na Mama ana dawa yake: maji ya tangawizi yaliyochemka, na asali. Asali hiyo dada yake Mama anaileta kutoka mbali akija kututembelea, na Mama haigusi, hata kwenye chai yake haitii, anasema hiyo ni ya koo la kazi. Sasa fikiria. Mtu ameshinda kimya kutwa, koo lake limepumzika kama koo la mtoto mchanga, anafika mlangoni inabidi akohoe. Inabidi aongee kwa kukwaruza. Mama anapapasa rafu, anaishika chupa, anamimina, anahesabu vijiko kwa kidole, anampa kikombe kwa mikono miwili, anasema pole, baba, leo upepo ulikuwa mkali, nilikusikia unavyopigana nao. Na kaka anakunywa. Nilikuwa namwona anavyomeza, kama mtu anayemeza misumari, na mimi nimekaa palepale nimeinamia sahani yangu. Nilikuwa nimeona haya mpaka masikio yanachoma.

Tuligombana ngazini si mara moja. Nikamwambia, mwambie, njia ya mwongo ni fupi. Akasema kesho. Kesho yake ilikuwa kama ile ya bango la dukani, kukopa kesho, haifiki.

Tena hata sauti yenyewe ikaanza kuwachosha watu. Mzaha mzuri ukisemwa na mtu unachekesha kila siku, kwa sababu kila siku anausema tofauti. Mashine ilikuwa inausema vilevile, pumzi ileile, palepale. Mwenye haraka angeamka mapema. Mtu ametoka kuuguza hospitali, mwenye haraka angeamka mapema. Mteja mmoja wa ng'ambo, nimemshika kichwa namsuka, akasema huyo bwana wa gatini anamkera, anajiona mcheshi, anatamani amzibe mdomo kwa tope. Pazia halikutikisika hata kidogo. Nilimvuta yule dada nywele kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, na najua hakuwa na kosa.

Siku ambayo yote yalimwagika, upepo uliamka na hasira. Mwavuli wa fundi viatu uliruka ukaenda kukaa kwenye waya za umeme. Maji yalikuwa yanapiga ukuta wa gati na kurukia barabarani. Kivuko kilikuja, kikajaribu kusogea, kikashindwa kufunga kamba, nahodha akarudi nyuma na kusubiri mbali kidogo upepo utulie. Kaka angekuwa kibandani angeona, angewaambia watu leo maji yamenuna, kaeni, hakuna safari. Mashine haioni. Saa yake ilipofika, ikaita.

Na watu waliuamini ule mwito, ndiyo ubaya wake. Wafungua mageti wakafungua kama kawaida, umati ukateremka kwenye njia ya zege iliyolowa. Wa mbele wakaona mbele yao hakuna chombo, ni maji matupu, wakasimama. Wa nyuma hawakuona, wakasukuma. Katikati alikuwemo mama mmoja wa ng'ambo, muuza mayai, trei zake kichwani. Alianguka, mkono ukabaki chini yake, na mayai yakasambaa kote. Na alipokuwa amelala hapo analia, spika ikamalizia juu ya kichwa chake, kwa furaha kabisa: mwenye haraka angeamka mapema.

Sisi saluni tulisikia kelele. Sauti ya watu wengi wenye hasira haifanani na kitu kingine. Walikuwa wanakirushia kibanda viatu na mawe, wanalitukana jina la kaka yangu, hilohilo la Taratibu, na mashine ikawa imekwama, inarudia mwito ule tangu mwanzo kila baada ya muda mfupi. Kaka alisimama katikati ya saluni, nywele za kusukia zimemning'inia mkononi.

Muuza mayai alikuwa na binti yake. Huyo binti, kwa uchungu wake, aliuliza mwenye sauti ile anakaa wapi, na mtu akamwonyesha dirisha letu. Sijui nani, na heri yake nisijue. Akapanda. Jirani wa mlango wa pili ndiye aliyesikia akanisimulia baadaye: binti alimwambia Mama kwamba mwanao amemvunja mama yangu mkono, halafu anamcheka kwenye spika. Mama hakubisha. Alikuwa amesikia mwenyewe. Aliuliza tu mama yako yuko wapi, kisha akaomba apewe mtandio wake wa kutokea na fimbo.

Ndipo tukawaona wakipita mbele ya mlango wa saluni. Mama yangu, ambaye ngazi zile zilimshinda, ameshashuka. Amemshika bega binti yuleyule aliyekuja kumtukana, na binti amepunguza mwendo kumfuata. Mtaa mzima ulisimama. Muuza kufuli alivua kofia. Hakuna aliyefungua mdomo, na wangesema nini? Wote walikuwa wametutunzia.

Nikamgeukia kaka. "Mama anakwenda kukuombea radhi kwa kosa la spika," nikamwambia. "Utabaki hapo na hizo nywele?"

"Atajua," akanong'ona.

"Atajua nini kibaya kuliko hiki anachokijua sasa? Kwamba amezaa mtu anayecheka walioumia?"

Aliziweka nywele mezani. Akatoka kwa mlango wa mbele, mara yake ya kwanza tangu tuanze, nyuzi za nywele zimemshika shati lote, na mimi nyuma yake na mteja wangu nimemwacha nusu kichwa.

Muuza mayai walikuwa wamemkalisha kwenye kreti, mkono umefungwa kwa shali ya mtu. Mama alisogezwa hadi hapo. Akapiga magoti kwenye ute wa mayai, akawa anapapasa ampate, akamshika gauni, akamwambia kwamba yeye ndiye mama yake yule kijana, na anaomba asamehewe, hakumfundisha hivyo. Mama akainuka kwa fimbo, akainua uso kukielekea kibanda, kule anakojua siku zote kwamba ndipo mwanawe anaposimama.

"Baba," akasema. "Shuka."

Akagonga fimbo kwenye zege.

"Najua unanisikia. Shuka umwombe mama wa watu radhi."

Spika ikakoroma, ikaanza. Haya wakubwa, haya wadogo. Ikaenda yote, mwenye mtoto, mwenye mzigo, hadi mwisho, na Mama amesimama uso juu anasubiri imalize. Niliuona uso wake. Alidhani mwanawe amemjibu. Alidhani amemwita mwanawe mbele za watu, na mwanawe amemfanyia mzaha. Natamani nisingeuona uso ule, na natamani zaidi ardhi ingenimeza kabla.

"Mama," kaka akasema. "Niko nyuma yako."

Ilitoka na kutu, kwa sababu ya kunong'ona miezi yote ile. Akakohoa, safari hii kwa kweli, na ikatoka nzima, na watu wote pale gatini wakageuka kwa sababu walikuwa wameisikia hiyohiyo sasa hivi ikitoka juu.

"Ile si mimi. Ni mashine. Walinirekodi, wakaniacha. Sina kazi, Mama. Tangu ile saa ya ukutani sina kazi. Nashinda saluni kwa dada, nyuma ya pazia."

Kuna mtu alicheka kidogo, akaacha. Mama aligeuka taratibu. Akanyoosha mkono, akamgusa uso, akateremka shingoni, akafika kifuani, vidole vikakutana na uzi wa nywele kwenye shati. Akauchomoa, akausugua kwa vidole mpaka akajua ni nini. Kaka amesimama mikono chini kama mtoto anayekaguliwa sare.

Msimamizi naye akatokea, jasho linamtoka, akamwambia Mama asijisumbue, hii ni hitilafu ya mashine, si kosa la mtu yeyote, hakuna wa kuomba radhi.

"Mashine haina mama, bwana," Mama akamwambia. "Sauti ni ya mwanangu. Radhi naomba mimi."

Na akaomba tena, upya, kwa utaratibu, mpaka muuza mayai akaanza kulia akasema basi, mama, basi, yameisha. Kaka alikuwa chini anaokota mayai yaliyopona, akiyafuta kwa shati lake. Msimamizi akamwinamia akamwuliza kama anaweza kupanda kibandani awatulize watu, leo tu, mpaka fundi afike. Kaka aliinua uso. Niliona anavyotaka. Mungu anisamehe, niliona anavyotaka, hata baada ya yote yale.

"Hawezi," Mama akasema. "Koo linamuuma."

Kupanda ngazi kulituchukua muda. Mama alipumzika kila kona. Ndani, akakaa kwenye kiti chake. Mimi kimya hakinikai, nikaanza kueleza, kwamba hatukutaka aumie, kwamba tulikuwa tunangoja. Akanikata.

"Wewe mdomo wako haujapumzika tangu uzaliwe," akasema. "Kwa hili tu ndiyo ukapumzika?"

Kaka alikuwa amekaa kwenye kigoda, na niliona ameiingiza shingo mabegani. Nilijua anasubiri nini, maana nami nilikuwa nakisubiri: kiti cha nyongeza. Tulingoja litoke. Mama alipapasa rafu akaishika chupa ya asali, akaipima uzito mkononi. Ilikuwa imebaki kidogo.

"Asali yote ile," akasema, "nilikuwa nampa nani?"

Akairudisha chupa rafuni.

"Na miezi yote hii nilikuwa naitikia nani? Kazi njema, baba. Kazi njema, baba. Naitikia spika. Majirani wananisikia kupitia dirishani, wananyamaza, wananionea huruma." Akajifunika uso kwa mtandio, ambao ulikuwa bado na ute wa mayai. "Mama gani huyo, asiyemjua mwanawe na chuma?"

Hapo ndipo kaka alipoanguka. Alikuwa amejiandaa kwa kila kitu, nadhani. Alijiandaa kwa kuonewa haya, kwa jina, kwa kufukuzwa hata. Hakujiandaa kumwona Mama akijionea haya mwenyewe. Alitambaa akamshika miguu, na mabega yakawa yanatikisika bila sauti, alishazoea kulia hivyo nyuma ya pazia.

Nje upepo ulikuwa umetulia, na fundi wao lazima alishafika, kwa sababu spika iliita mara moja tu, sawasawa, kama siku zote. Haya wakubwa, haya wadogo. Midomo ya Mama ikafunguka kuitikia. Tuliiona wote wawili. Akaiziba kwa kiganja.

Kaka akainuka kwenda kufunga dirisha.

"Acha wazi," Mama akasema. "Njoo ukae hapa. Sema kitu, nisikie tofauti."

Akakaa. Akafungua mdomo, na yule mtu aliyekuwa akiuita mji mzima uje majini hakupata la kusema. Chini kule spika ikafika kwenye mwenye mtoto, ikafika kwenye mwenye mzigo, ikamaliza na mzaha wake. Mama bado amemgeuzia sikio. Mwishowe kaka akasema, kwa ule mnong'ono wake wa saluni, "Shikamoo, Mama."

"Sauti zaidi," Mama akasema. "Hiyo siijui."

Akarudia.